Fedha za Ukame: Zafika Lini, Zamfikia Nani?

Hotuba kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, kaunti ya Marsabit



Tumeombwa tuseme nanyi juu ya jambo ambalo baadhi watashangaa kulisikia chini ya paa la kanisa, yaani fedha ambazo serikali huwalipa wafugaji ukame unapoingia. Wako watakaosema kwamba padre na ashughulikie altare, na chifu ashughulikie orodha zake. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Hapa kwetu mfugo ukifa, hauanguki peke yake. Maziwa ya mtoto hukatika, karo ya shule hukatika, mahari husimama njiani, na mwanamume aliyekuwa na neno la kusema barazani huanza kukaa nyuma na kunyamaza. Kanisa linalowazika watu wake bila kuuliza ni nini kilichowamaliza litakuwa limefanya nusu tu ya kazi yake.

Tuanze na yale tunayoyajua sote. Kuanzia vuli ya mwaka 2020 hadi vuli ya mwaka 2022, misimu 5 ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha. Tarehe 8 Septemba 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa. Ulipokwisha, hesabu za serikali zilionyesha kwamba mifugo zaidi ya milioni 2 ilikuwa imekufa katika kaunti kame za Kenya. Ng'ombe walitangulia, kondoo wakafuata, mbuzi wakajikongoja, na mwishowe hata ngamia, ambaye wazee wetu walimhesabu kuwa akiba isiyoguswa na jua, alianza kulala asiinuke. Na mvua ilipokuja mwaka 2023, wanyama wengi waliokuwa wamedhoofika walikufa kwa baridi ya siku za kwanza, huku wenye mali wakiwa tayari wameanza kushukuru.

Lakini kabla ya mfugo kufa kwa njaa, hufa kwanza kwa bei. Yeyote aliyewahi kumpeleka mbuzi mnadani katika mwezi mbaya anajua maana ya maneno haya. Ukame unapozidi, kila mmoja anataka kuuza, na mnyama amekonda. Bei ya mbuzi hushuka. Wakati uo huo mahindi yanayoletwa kwa malori kutoka mbali hupanda bei. Mbuzi aliyeweza kununua chakula cha wiki kadhaa sasa hununua cha siku chache. Ndiyo maana Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, katika taarifa zake za kila mwezi kwa kila kaunti, imekuwa ikiandika ni kilo ngapi za mahindi zinazopatikana kwa mbuzi mmoja. Ni kipimo kizuri kuliko vingi, kwa kuwa kinasema kweli ambayo mama wa nyumbani anaijua bila kusoma taarifa yoyote.

Sasa tuifungue Biblia kidogo. Tunapenda sana kuhubiri juu ya Yosefu aliyeweka nafaka ghalani wakati wa neema ili nchi ya Misri isiangamie. Ni mfano mwema wa kujiandaa, na viongozi wetu wangefaa kuusoma mara kwa mara. Lakini wahubiri wengi huishia pale ghala zinapofunguliwa. Endeleeni hadi sura ya 47 ya kitabu cha Mwanzo. Mle imeandikwa kwamba fedha za watu zilipokwisha, walimletea Yosefu farasi, kondoo, ng'ombe na punda wao, wakapewa mkate wa mwaka ule. Mwaka uliofuata hawakuwa na kitu ila miili yao na mashamba yao, wakavitoa hivyo navyo. Njaa ilipokwisha walikuwa hai, la hakika. Lakini mifugo ilikuwa ya Farao, ardhi ilikuwa ya Farao, na wao wenyewe walikuwa watumwa wa Farao. Hatumhukumu Yosefu. Twasema tu kwamba mle ndani mna swali ambalo hatuna budi kuliuliza mbele ya kila mpango wa msaada: mvua ikirudi, mtu huyu atakuwa na nini mkononi mwake?

Kwa swali hilo tuziangalie fedha zenyewe.

Mpango unaojulikana zaidi ni ule wa kuzikinga kaya dhidi ya njaa, unaoitwa kwa herufi zake HSNP. Ulianza kuwalipa watu mwaka 2009 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, kwa msaada mkubwa wa serikali ya Uingereza pamoja na fedha za Kenya yenyewe. Katika awamu yake ya pili, iliyoanza mwaka 2013, karibu kaya zote za kaunti hizo nne ziliandikishwa. Kaya zipatazo 100,000 zilizo maskini zaidi zikawa zinapokea shilingi 2,700 kwa mwezi, yaani shilingi 5,400 kila baada ya miezi miwili, kupitia akaunti za benki. Kaya nyingine zikawa zinangoja hali ya hatari. Na hatari haikuamuliwa na mkutano wa wakubwa. Iliamuliwa na picha za setilaiti zinazopima ukijani wa mimea: kipimo kikishuka chini ya 20, ukame ulihesabiwa kuwa mkali, na malipo yakapanuliwa hadi kuifikia nusu ya kaya za eneo, kikishuka chini ya 10, hadi robo tatu.

Utaratibu huo twausifu bila kusita. Setilaiti haina ukoo. Haina mjomba katika bunge la kaunti, wala haingoji mwaka wa uchaguzi ili iyaone majani yaliyokauka. Waliokuwapo wakati mgao wa njaa ulipotegemea lori la mahindi na hisani ya mkubwa fulani wanajua hiyo ni hatua kubwa kiasi gani.

Hata hivyo, setilaiti huona rangi ya kijani, haioni mbuzi. Mti wa mathenge hubaki na majani mabichi wakati nyasi zote zimekwisha, na kwa jicho la juu angani eneo lililovamiwa na mathenge laweza kuonekana lina nafuu. Tena kipimo ni cha eneo zima. Mlima wetu wa Marsabit una ukungu na msitu; chini yake, safari ya saa chache tu kwa miguu, pana jangwa la mawe. Ukichukua wastani wa ukungu na mawe, hutapata hali ya mtu yeyote.

Ndivyo ilivyo pia katika bima ya mifugo, ambayo historia yake ilianza hapa hapa kwetu. Mwezi wa Januari 2010 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, pamoja na wenzake, ilianza kuuza Marsabit bima inayopima malisho kwa setilaiti badala ya kuhesabu mizoga, na malipo ya kwanza yakatolewa Oktoba 2011. Mwaka 2015 serikali ya Kenya iliichukua fikra hiyo, ikaanza kuwalipia wafugaji maskini bima ya mifugo mitano mikubwa kwa kila kaya, ng'ombe mmoja akihesabiwa sawa na mbuzi au kondoo 10. Ilianzia Turkana na Wajir, kisha ikafika katika kaunti nyingine kame. Wengi hawakuielewa, na kosa halikuwa lao. Mzee aliyeambiwa kwamba mifugo yake ina bima alitazamia kwamba mnyama akifa atalipwa mnyama, na akaweka ngozi kuwa ushahidi. Hakuna aliyemweleza kwamba mkataba haukuzungumza juu ya kifo cha mnyama wake bali juu ya nyasi za eneo lake. Kwamba anaweza kupoteza wote asilipwe, au asipoteze hata mmoja akalipwa. Mkataba usioeleweka na mwenye mali, hata kama mwingine amemlipia ada, una upungufu wa haki ndani yake.

Lakini jambo tunalotaka mlikumbuke juu ya bima hiyo ni lingine, nalo ni wakati. Hapo mwanzo fedha zilipangwa kulipwa baada ya hasara, ili mtu anunue mifugo upya. Baadaye wataalamu waligeuza shauri: wakapanga zilipwe mapema, malisho yanapoanza kupungua na mnyama angali hai, ili mtu anunue nyasi, dawa na maji amwokoe aliye naye. Februari 2017, baada ya vuli ya mwaka 2016 kushindwa, ilitangazwa kwamba kaya zaidi ya 12,000 katika kaunti 6, Marsabit ikiwamo, zingelipwa jumla ya shilingi milioni 214. Gawanyeni wenyewe: wastani haufiki shilingi 18,000 kwa kaya. Si fedha nyingi. Je, zilikuwa na thamani gani? Hapo jibu hutegemea tarehe kuliko kiasi.

Fikirini mjane mwenye mbuzi 20, ambao 8 kati yao ni majike yenye kuzaa. Mpe elfu kadhaa katika mwezi wa kwanza baada ya mvua kukosa. Atawauza madume mapema wakiwa na mafuta kidogo, atanunua marobota ya nyasi na dawa za minyoo, na atawavusha wale majike 8. Mpe fedha zilezile katika mwezi wa tano. Majike wamebaki 3, hawasimami. Fedha zitanunua unga, nao unga utaliwa. Mpe fedha zilezile baada ya mvua, atanunua mbuzi mmoja au wawili kwa bei iliyokwisha kupanda, maana sasa kila mtu ananunua. Katika vitabu vya serikali malipo hayo matatu yataandikwa sawasawa: mjane fulani amelipwa. Mbele ya haki hayako sawa hata kidogo. La kwanza lilimwacha akiwa mfugaji. La pili lilimlisha kwa mwezi mmoja. Na la tatu humkuta pengine amekwisha kuhamia pembezoni mwa mji, akichoma makaa.

Kwa hiyo tusikubali kuridhishwa na neno moja tu, kwamba fedha zimetolewa.

Kuna pia desturi ya serikali kununua mifugo iliyodhoofika ili mwenyewe apate chochote. Nia ni njema, maana mnyama atakayekufa kesho ana bei leo. Mwaka 2009 malori yalipeleka ng'ombe wengi Athi River kuliko kiwanda kilivyoweza kuchinja, na wengi wakafa nje ya malango. Tangu hapo somo limeeleweka kwa kiasi, na mahali pengi wanyama sasa huchinjwa karibu na wenyewe na nyama kugawiwa kwa wenye njaa. Lakini tuulize nani aliyefikiwa na lori. Lori hufuata barabara. Aliye Moyale au Laisamis, kando ya lami, ana nafasi ambayo mwenzake wa ndani kuelekea Ziwa Turkana hana. Na dalali, mwenye simu na habari, hupita siku mbili kabla ya lori kufika, akamnunulia mama mbuzi kwa bei ya kutupa, kisha akasimama yeye kwenye foleni kama mfugaji. Huyo dalali mara nyingine tunamfahamu. Mara nyingine huketi nasi katika misa ya Jumapili.

Hapo tunaifikia orodha. Tutasema wazi, kwa kuwa wengi wenu mmewahi kukaa katika kamati zinazoandika majina. Kanisa halijali tu kama fedha zimeibwa. Lajali pia nani hakuandikwa. Vijana walio fora na mifugo isiyokamuliwa, mwendo wa siku nyingi kutoka manyatani, hawapo siku ya kuandikishwa. Mama asiye na kitambulisho hawezi kufunguliwa akaunti. Mkongwe ambaye alama za vidole vyake zimefutika kwa kazi hukataliwa na mashine, akarudishwa nyumbani mikono mitupu, na hakuna aliyeandika kwamba alirudishwa. Kisha kuna yule wakala anayekata shilingi mia mbili za "huduma" kutoka kwa mtu asiyejua kusoma risiti. Dhambi hizi ni ndogo moja moja, hazifiki magazetini. Zikijumlishwa ni kundi zima la mbuzi.

Tuseme neno moja pia kuwatetea wanaopokea. Maofisa fulani hulalamika kwamba mama akipokea shilingi 5,400 huwagawia jirani zake ambao hawamo katika orodha, na kwamba kwa njia hiyo fedha zinapotea. Hazipotei. Waborana wana busa gonofa, utaratibu wa ukoo ambao kwa huo aliyepoteza mifugo kwa msiba hupewa wanyama na wenzake ili aanze tena. Jamii nyingine zetu zina njia zao za kumwazima mtu mnyama wa kukamua. Aliyekula kwa jirani mwaka jana hawezi kufunga mlango mwaka huu. Kwa kweli desturi hizo hujibu swali letu la Yosefu vizuri zaidi kuliko mipango mingi ya ofisini, kwa kuwa lengo lake ni mtu awe tena na mnyama mwenye kuzaa. Kasoro yake ni moja, nayo ni kubwa: ukame wa misimu 5 humfilisi hata mwenye kutoa. Ndipo serikali inapopaswa kuingia.

Hayo ndiyo mafundisho ya Kanisa tangu Papa Pius XI katika waraka wa Quadragesimo Anno wa mwaka 1931, katika kile kinachoitwa kanuni ya auni: mamlaka ya juu yasiwanyang'anye watu wa chini kazi wanayoiweza wenyewe, bali yawasaidie pale nguvu zao zinapoishia. Naye Paulo VI, katika Populorum Progressio ya mwaka 1967, alikumbusha kwamba mali za dunia zimewekwa kwa ajili ya wote. Kwa hiyo fedha za ukame si sadaka ya mheshimiwa, wala hazidai kura. Ni kodi yenu na ya Wakenya wenzenu, irudiyo mahali inapohitajika.

Na sheria ya nchi inasema hivyo hivyo kwa lugha yake. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inamtambulia kila mtu haki ya kutokuwa na njaa. Udhibiti wa majanga umewekwa mikononi mwa serikali zote mbili, ile ya taifa na ile ya kaunti. Jambo ambalo kwa bahati mbaya huwapa wote wawili mahali pa kunyoshea kidole. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya mwaka 2012 inairuhusu kaunti kuwa na hazina ya dharura isiyozidi asilimia 2 ya mapato yake, na inadai bunge la kaunti lipewe ripoti ya kila malipo yaliyotolewa humo. Je, kuna yeyote kati yetu aliyewahi kumwomba mwakilishi wa wadi amwonyeshe ripoti hiyo?

Kuomba si ugomvi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 ikaeleza namna. Ombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kuliwasilisha hakutozwi ada. Ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21, na kama jambo lahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Hakuna hitaji la wakili. Katibu wa jumuiya mwenye mwandiko unaosomeka anatosha.

Lakini anayeuliza awe na lake la kuweka mezani. Twapendekeza kila jumuiya iwe na daftari moja, na ndani yake iandikwe mambo machache kila mwezi bila kukosa: siku ambayo kisima au lambo la karibu lilikauka, bei ya mbuzi wa kadiri mnadani, bei ya kilo ya mahindi dukani, majike waliokufa, bila kuchanganya na madume waliouzwa, na ikiwa fedha za aina yoyote zimefika, tarehe zilipofika, na idadi ya waliorudishwa bila kulipwa. Msiandike tetesi. Msiandike jina la mtu mnayemchukia. Daftari lenye matusi halisomwi na ofisa yeyote, nalo linaweza kumfikisha mwandishi mahakamani. Andikeni tarehe na namba, mtie sahihi watu wawili, mmoja wao awe mwanamke.

Baada ya miezi michache mtakuwa na kitu ambacho setilaiti haina. Mtaweza kulinganisha siku yenu ya kisima kukauka na siku ambayo taarifa ya kaunti ilisema hali imekuwa ya hatari, kisha na siku ambayo fedha ziliingia. Tofauti ya tarehe hizo tatu ndiyo habari yenyewe. Ikiwa ni wiki mbili, tutaishukuru serikali hadharani, hata kwenye matangazo baada ya misa. Ikiwa ni miezi minne, tutauliza kwa maandishi: fedha zililala katika ofisi gani, na kwa nini?

Ndugu zetu Waislamu na wale wa madhehebu mengine waalikwe katika kazi hii tangu siku ya kwanza. Kisima hakina dini, na ofisa akiona sahihi za msikiti na za kanisa chini ya ukurasa mmoja hatasema kwamba hilo ni jambo la kundi fulani. Ambao hawakujaliwa kusoma wasiachwe nyuma. Wao ndio wanaokumbuka vizuri zaidi mnyama gani alikufa na baada ya mvua ipi.

Madaftari yatanunuliwa na parokia. Makatibu wachukue yao kwa katekista kabla ya mwisho wa Agosti, ili ukurasa wa kwanza uwe umeandikwa kabla ya mvua za vuli zinazotazamiwa mwezi wa Oktoba, zije au zisije.